Pimbi na Kaburi la Funo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na sare za kufua na kengele za kuwaamsha, palikuwa na shule ya bweni juu ya kilima cha mawe. Sogeeni karibu. Hadithi hii haina kicheko kingi, lakini ina hila ndani yake, na hila yenyewe si ya mkubwa.

Upande mmoja wa kilima walitoka Wapembe: Pofu, Kongoni, na wengine wote wenye pembe kichwani na kwato miguuni. Upande wa pili walitoka Wachimba: Mhanga mwenye pua ndefu na kucha kama majembe, Nyegere mkali, Ngiri, Nungunungu, na wote wanaolala chini ya ardhi.

Katikati, kwenye mawe, alitoka Pimbi. Pimbi ni mdogo, tena wa mviringo. Pembe hana, mkia hana, na vidole vyake haviwezi kuchimba hata kishimo cha kupandia harage. Hakuwa wa huku wala wa kule. Alikuwa na miguu myepesi, na akili nyepesi kuliko miguu, basi.

Tangu enzi za mababu, Wapembe na Wachimba walikuwa watani. Mnaujua utani? Si mzaha wa hivi hivi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Mtani huingia jikoni kwako akafunua chungu bila hodi. Lakini siku ya msiba, mtani ndiye anayekuzika. Mpembe akifa, wenye pembe wenzake hawashiki jembe, ni mwiko. Kaburi lake huchimbwa na Wachimba. Na Mchimba akifa, jeneza lake hubebwa na Wapembe wenye migongo mipana. Wazee walisema: wa kwenu ana machozi machoni, hataona pa kupiga jembe.

Pale shuleni utani ulikuwa na kazi nyingine pia. Kila asubuhi kabla ya uji, wanafunzi walikimbia mchakamchaka kuzunguka kilima. Wachimba walitangulia, kwa kuwa wao ndio waliojua ardhi ilipotobolewa. Wakifika penye tundu, walipaza sauti:

"Shimo kushoto, enyi vichwa vizito!"

Nao Wapembe nyuma yao waliitikia:

"Tumeliona, enyi matumbo ya udongo!"

Kwata, kwata, kwata, wakapita. Hakuna aliyeumia hata ukwato.

Kisha akaja Nyati. Kijana huyu alitoka nyika ya mbali wanakoishi wenye pembe peke yao, na kwao hakuna aliyemfundisha utani. Siku yake ya kwanza kwenye bwalo la chakula, Nungunungu alimsogelea akachukua kiazi kwenye sahani yake.

"Mtani, karibu! Kiazi hiki ni kikubwa kuliko ubongo wako, ngoja nikusaidie."

"Umesema nini?"

"Nasema ule haraka ushibe. Kwa unene huo, siku tukikuzika tutachimba mpaka tukutane na maji!"

Mpembe mwingine yeyote angecheka akamnyang'anya Nungunungu sahani nzima. Nyati alisikia kifo chake kikitangazwa mbele ya watu. Puu! Alimpiga Nungunungu teke. Nungunungu akageuka. Chwa, chwa, chwa! Miiba ikamkaa Nyati puani. Mwalimu wa zamu alipofika, mabenchi yalikuwa yamelala chali na damu ilikuwa sakafuni.

Mwalimu Mkuu alikuwa Kobe, mtu mwema asiyependa kelele. Alifikiri kwa muda mrefu, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akasema mstarini:

"Ugomvi umeletwa na utani. Basi, kuanzia leo utani ni marufuku katika shule hii. Nataka utulivu."

Akaupata. Lo, utulivu ulioje! Kwa maana Wapembe na Wachimba walijua kusemezana kwa matusi tu, na walipokatazwa matusi hawakuwa na salamu nyingine. Wakapitana kwenye bomba la maji kama mawe. Meza za bwalo zikatengana, Wapembe dirishani, Wachimba ukutani. Vitanda vikahama. Hawa wakanong'ona Kipembe, wale wakanong'ona Kichimba. Hata kusoma usiku walisoma mafungu mafungu, na aliyejua hesabu hakumfundisha asiye wa kwao. Mchakamchaka ukawa miwili. Nyati akafanywa kiranja mkuu, Nyegere akawa msemaji wa Wachimba, na neno "wa kwetu" likasikika kuliko kengele.

Pimbi hakuwa "wa kwetu" wa mtu yeyote. Alikula peke yake kwenye benchi fupi, karibu na karai la kuoshea vyombo.

Siku moja sahani ilitua mbele yake, ta! Alipoinua macho alimwona Funo, paa mdogo mwekundu wa Wapembe, mwenye vipembe vifupi kama vidole.

"Mbona unanitazama hivyo? Hujawahi kuona mtu akila?"

"Kaka yako Nyati anakuita," Pimbi alisema. "Anakuonyesha benchi."

"Namwona. Ananionyesha benchi tangu Jumatatu. Mkono utamchoka." Funo akaketi. "Hebu niambie, ni kweli nyinyi watu wa mawe mnaota jua mpaka mnaiva?"

"Ni kweli. Wewe ukiota tutakula mchuzi."

Funo alicheka mpaka maharage yakamtoka puani. Na Pimbi, ambaye muhula mzima hakuwa ametaniwa na mtu, alijiona kama aliyefunguliwa dirisha.

Tangu siku hiyo walikula pamoja. Pimbi alimchukulia kijiko, kwa sababu Funo alikuwa msahaulifu wa vijiko. Jumapili walipanda jiwe la Pimbi wakalala chali, kichwa kwa kichwa, wakibishana ni wingu lipi linafanana na tumbo la Mwalimu Kobe. Nyati alimwonya Funo. Funo akamjibu, "Ndiyo, kaka," na jioni akarudi benchi lile lile.

Sasa sikilizeni, wanangu, maana hapa ndipo hadithi inapovunjika.

Jioni moja Mhanga alifuata mchwa akachimba shimo kubwa pale njia ya mchakamchaka inapokata kona. Zamani angewaambia Wapembe. Sasa aliwaambia Wachimba wenzake tu, akalala.

Asubuhi Pimbi alikuwa juu ya jiwe lake akingoja jua. Chini yake, kwenye bomba, Mhanga na Nyegere walikuwa wakinawa uso. Wapembe wakatokea kwa mbali, kwata, kwata, kwata, wakiimba. Aliyetangulia alikuwa Funo, kwa kuwa alikuwa mwepesi na alipenda kutangulia.

"Nyegere," Mhanga alisema, "lile shimo langu..."

"Wana macho."

"Lakini yule mdogo hawezi kuli..."

"Si wetu," Nyegere alisema, akasukutua mdomo.

Mhanga alifungua kinywa. Pimbi alikiona kikifunguka. Kisha kikajifumba. Pimbi akageuka kuangalia walichokuwa wakikiangalia, akapiga ukelele, na ukelele wa pimbi ni mkali lakini si mrefu. Kwa wimbo ule, haukufika.

Puu.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Funo alivunjika shingo. Muuguzi wa shule alipofika hakuwa na kazi ya kufanya, isipokuwa kumfumba macho.

Kufikia saa ya uji shule nzima ilijua shimo lilikuwa la nani, na nani aliona, na nani alisema nini. Pimbi alikwenda bwalo kwa sababu miguu ilizoea. Alisimama mbele ya ndoo ya vijiko, akachukua viwili. Akavitazama. Kimoja akakirudisha ndani ya ndoo taratibu, kisilie.

Mama Funo alifika kesho yake, umande ukiwa bado majanini. Alikuwa mwanamke mdogo, mwekundu kama bintiye, amejifunga kanga mbili. Kwa desturi ya Wapembe mtu huzikwa alipoangukia, kwa hiyo hakuja kumchukua. Alikuja kumzika. Walimwekea kigoda kando ya machela alipolazwa mwanawe.

"Karibu uketi, mama," Mwalimu Kobe alisema.

"Asante, Mwalimu. Kaburi limechimbwa?"

"Bado, mama."

"Basi sijafika. Mzazi haketi mpaka watani wachimbe."

Kobe alikwenda mwenyewe kwenye bweni la Wachimba. Nyegere alimpokea kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Mwalimu, utani ni marufuku. Kuchimba kaburi la Mpembe ni utani. Sisi ni wanafunzi watiifu."

Kobe akarudisha shingo ndani ya gamba.

Ukweli ni kwamba Nyegere aliogopa. Wote waliogopa. Wangewezaje kusimama mbele ya mama yule? Na Mhanga alikuwa amejikunja nyuma ya kitanda tangu jana, hajala, hajasema.

Kwa Wapembe nako kulikuwa kunachemka.

"Tutachimba wenyewe!" Nyati alinguruma. "Mwiko gani? Hayo ni mambo ya kale!"

"Ukichimba wewe, mwanangu," Mama Funo alisema bila kupandisha sauti, "litakuwa shimo. Shimo tayari analo."

Nyati akainamisha kichwa. Pofu akalia. Jua likapanda, nzi wakaanza kuja, na Mama Funo alikuwa bado amesimama. Magoti yake yalianza kutetemeka chini ya kanga. Alimpungia mwanawe nzi kwa upindo wa kanga, mara kwa mara, kama mtu ampungiavyo mtoto aliyelala usingizi.

Pimbi aliyatazama magoti yale. Akajiambia: Sina pembe za kumbeba, sina kucha za kumchimbia. Nina uongo tu. Basi nitamzika kwa uongo.

Akamwendea Nyati mbio.

"Kiranja, nataka kuzungumza nawe faragha."

"Sema, kisha ondoka."

"Sisi watu wa mawe tuna dua ya kuipasua ardhi. Babu yangu aliitumia mwaka wa ukame. Ardhi inafunguka yenyewe, paa! Bila jembe, bila Mchimba."

"Wewe? Na vidole hivyo?"

"Ndiyo maana ni dua, Kiranja. Ningekuwa na kucha ningeomba nini? Ila ina sharti moja. Mwenye pembe akichungulia, ardhi inagoma. Wapange wote nyuma ya bweni lenu, nyuso ukutani, mpaka mtakaposikia ukelele wangu."

Nyati alimtazama kwa dharau, kisha akamtazama Mama Funo. Hakuwa na njia nyingine.

"Ukinidanganya nitakukanyaga."

"Utanikanyaga, Kiranja. Lakini geukeni."

Basi, wanangu, mngewaona! Nyati, Pofu, Kongoni, majitu yale yote, wamejipanga nyuma ya bweni, pua zimegusa ukuta, mikia inafukuza nzi, hakuna anayethubutu kupepesa jicho.

Pimbi akakimbilia bweni la Wachimba. Aliingia akihema, hii, hii, hii!

"Nyegere! Ngiri! Mmelala na nyumba inawaka?"

"Nini tena?"

"Kule juu, penye udongo mwekundu. Nimeweka sikio chini nikasikia kru, kru, kru. Mchwa! Si kichuguu, ni mji! Na chini ya mchwa, nyuki wa ardhini. Wiii... hivyo hivyo wanavyolia. Asali imejaa mpaka udongo umelowa."

"Asali?" Masikio ya Nyegere yalisimama.

"Na Wapembe wamejua. Nyati amesema wakimaliza msiba wao watakuja kuukanyaga mji mzima, ili nyinyi msipate hata harufu."

"Aka! Asali yetu?"

"Sasa hivi wako nyuma ya bweni lao. Wanapanga."

Ngiri alichungulia dirishani. Kweli, migongo ya Wapembe yote ilikuwa kule, imepangana kimya kimya. Walionekana watu wenye njama mbaya.

"Mhanga, amka!" Nyegere aliita. "Bila kucha zako hatufiki chini."

"Sina njaa," Mhanga alisema kutoka nyuma ya kitanda.

"Si njaa, ni heshima! Wa kwetu tunadharauliwa!"

Wakamkokota.

Pimbi aliwapeleka juu ya kilima, hatua chache kutoka kwenye kona ile. Alishika kijiti akachora mstari ardhini: huku, na huku, na kurudi. Urefu aliujua bila kupima.

"Chimbeni ndani ya mstari tu. Mkitoka nje nyuki watashtuka."

Wakaanza. Chaka, chaka, chaka! Udongo ukaruka. Nyegere alichimba kwa hasira, Ngiri kwa pua, Nungunungu akasukuma vifusi. Mhanga alichimba kama mtu anayetembea usingizini, lakini kucha zile zilikuwa kucha za Mhanga, na ardhi ilimtii.

"Wako wapi?" Nyegere aliuliza, shimo likimfika kifuani.

"Chini zaidi. Nawasikia! Kru, kru!"

"Mimi sisikii."

"Una udongo masikioni. Chimba."

Pimbi alikuwa amechuchumaa ukingoni, na sauti yake ilikuwa ya uchangamfu. Lakini alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe mpaka meno yameacha alama.

Ghafla Mhanga akasimama. Aliupapasa ukuta wa shimo kwa kiganja, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Akapapasa kona.

"Pimbi," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mtu asiye wa kwao tangu marufuku ile. "Mji wa mchwa ni duara."

Pimbi akautazama mstari aliouchora.

"Hili lina kona nne. Na lina urefu wake yule."

"Urefu wa nani?" Nyegere aliuliza. Kisha akaelewa. "Ebo! Ebo! Umetuchimbisha kaburi! Kipande cha mnyama wewe, usiye na mkia wala kabila! Nitakutafuna masikio!"

Aliruka nje, akamkaba Pimbi koo akamlaza chini.

"Nitafune," Pimbi alisema kwa shida. "Lakini kwanza malizeni. Mama yake amesimama tangu asubuhi."

Chaka, chaka, chaka. Nyegere akageuka. Ngiri na Nungunungu walikuwa wamepanda juu, lakini Mhanga alikuwa bado chini, anachimba.

"Mhanga, toka humo! Si wetu!"

Mhanga hakuinua kichwa.

"Neno hilo ulilisema jana," alisema.

Mikono ya Nyegere ikalegea. Pimbi akajivuta, akapata pumzi, na pumzi ya kwanza aliyoipata aliigeuza ukelele.

Wapembe walitoka nyuma ya bweni wakakimbilia machela. Wakapanda nayo polepole, Mama Funo akitembea mbele kwa miguu iliyochoka. Mwalimu Kobe akafuata nyuma kabisa. Walipofika juu, Nyati aliona masikio marefu yakichomoza kutoka shimoni.

"Pimbi! Hii ndiyo dua yako?"

"Ardhi imefunguka, Kiranja. Imetumia kucha za Mhanga."

"Muuaji ndani ya kaburi la dada yetu!" Nyati akatua machela, akainamisha pembe, kwato zikaparua vumbi. "Toka! Toka nikumalize!"

Nyegere alikuwa bado hajajua ana msimamo gani, lakini mwili wake ulijua. Alisimama ukingoni, manyoya yamesimama, meno nje. Miiba ya Nungunungu ikatikisika, chwa, chwa. Pofu akasogea. Ngiri akasogea. Pimbi aliona kwamba hila yake, badala ya kaburi moja, itachimba mengi.

Mama Funo alipita katikati yao kama mtu anayepita sokoni. Akasimama kwenye ukingo. Akauliza swali ambalo wazazi wa Wapembe wameuliza tangu mwanzo wa dunia:

"Nani yumo kaburini mwa mwanangu?"

Swali lile hujibiwa na mtani, na hujibiwa kwa utani. Jibu jingine halipo. Mhanga alimtazama Mwalimu Kobe. Wote wakamtazama.

Kobe akatoa shingo yake yote, akasema:

"Mjibu mama, Mhanga. Niliyapiga marufuku nisiyoyajua."

Mhanga alimgeukia mama.

"Ni mimi, mtani wako," alisema, na sauti ilikuwa nyembamba. "Sijachoka hata kidogo. Watoto wenu ni wembamba, kaburi lao mtu analichimba huku anapiga mswaki..."

Hapo sauti ikakatika. Akaegemea ukuta wa udongo.

"Mama, lile shimo la jana nalo ni langu."

"Najua."

"Nilimwona anakuja."

"Najua, mwanangu. Nyoosha kona ile ya kushoto, imepinda."

Mhanga akafuta pua kwa mkono wenye tope, akaenda kwenye kona. Hakuwa anaona vizuri. Akaikosa, akaikosa tena. Ndipo kitu kizito kikateremka kando yake, tu! Alikuwa Nyegere. Hakusema neno. Aliinyoosha kona ile kwa ukucha mmoja, kwa uangalifu, mpaka ikawa sawa kama ya kitabu.

Wakampokea Funo, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wakamlaza. Wakapanda. Udongo ukarudi. Tu. Tu. Tu. Sauti ile hakuna mnyama anayeweza kuiiga, nami sitajaribu.

Kaburi lilipopigwa kifusi, Mama Funo alimwita Nyati.

"Wachimbaji wananawishwa na wafiwa. Chukua kata."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mkubwa wa kwetu hapa."

Nyati alichota maji. Aliinamisha kata yote mara moja, na maji yakamwagikia kwenye suruali ya Nyegere.

"Polepole, wewe gogo lenye masikio!" Nyegere alifoka. "Unaninawisha au unaniogesha?"

Wote wakamgeukia Nyati. Nyati aliduwaa na kata mkononi. Kongoni akamnong'oneza:

"Mjibu."

"Nimjibu nini?"

"Kitu chochote kibaya."

Nyati alifikiri kwa bidii. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye makovu ya miiba.

"Wewe," alisema, "wewe hujaogeshwa tangu ulipozaliwa."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kikageuka kilio papo hapo, kikaenea kwa Wapembe, kikaenea kwa Wachimba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeweza kujua ni cha akina nani. Mama Funo akaketi. Aliketi chini kabisa, kwenye udongo mbichi, akanyoosha miguu yake.

Wapembe wakaketi upande wake wa kulia, kwa kuwa ni wafiwa. Wachimba wakaketi kushoto, kwa kuwa ni watani. Kila mmoja alijua mahali pake. Pimbi peke yake alibaki amesimama upande wa miguuni, kwa sababu desturi, pamoja na uzee wake wote, haikuwa imemwekea mtu kama yeye mahali.

"Na huyu mdogo?" Mama Funo aliuliza. "Ni nani kwa mwanangu?"

"Huyo ni mwongo, mama," Nyegere alisema. "Ametuambia kuna asali."

"Ametugeuza ukutani kama watoro," Nyati alisema.

"Nimeuliza ni nani kwa mwanangu."

Pimbi, mwenye neno kwa kila mtu, alitafuta neno.

"Rafiki tu, mama."

"Tu?" Mama Funo akaivua kanga yake ya juu, akaitandika kando yake, karibu kabisa na kichwa cha kaburi. "Hakuna tu hapa. Njoo ukae."

Pimbi akaja akakaa. Akaweka kiganja chake juu ya udongo. Jua lilikuwa limeupasha, ulikuwa na joto kama mtu. Mchana ule alikuwa amemdanganya Nyati pamoja na nguvu zake zote, na Nyegere pamoja na ukali wake wote. Sasa alijaribu kuudanganya moyo wake mwenyewe kwamba joto lile lilikuwa la Funo, na moyo ukakataa.

Ndipo akalia.

Hadithi naitua hapa, wanangu, atakayeibeba asiitikise.

Anayeliona shimo akanyamaza kwa kuwa ajaye "si wetu", amelichimba mara ya pili.